Soko ni Moja, Mbona Maharage Yangu Yanarudishwa Namanga?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama ninayefanya biashara ya maharage kutoka Arusha kwenda Kenya kupitia Namanga. Mzigo wangu haufiki hata tani moja. Tangu 2010 tunaambiwa Afrika Mashariki ni soko la pamoja, lakini kila nikifika mpakani naulizwa cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea, mara kipimo cha sumukuvu. Mwezi uliopita nilirudishwa, nikaishia kumlipa mtu anijazie fomu. Wenzangu wanapita njia za panya na hawasumbuliwi. Mdogo wangu naye ni fundi umeme, amepata kazi Nairobi lakini ameambiwa hawezi kuanza bila kibali. Mwanangu aliye chuo anasema dawa ni kuungana tuwe nchi moja, rais mmoja, yaishe. Baba yake anasema tukiungana ardhi yetu itakwisha. Nani hasa anatukwamisha? Na je, tuungane tu?"

JIBU: Njema, dada yangu, na pole kwa safari ile ya kurudi na mzigo. Wewe unauliza jambo ambalo mawaziri hulijadili Arusha kila mwaka, ila wewe unaliuliza ukiwa umesimama juani na magunia yako. Nitaanza na magunia, kisha nije kwa mwanao na baba yake.

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, na sina budi kusema kwamba hata viongozi wakihutubia huyachanganya. La kwanza ni ushuru wa forodha. La pili ni ukaguzi. Umoja wa Forodha ulioanza Januari 2005, na Soko la Pamoja lililofuata Julai 2010, viliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Havikuondoa haki ya nchi kukagua chakula kinachoingia. Kwa hiyo ukiulizwa cheti cha afya ya mimea, hujanyimwa soko la pamoja. Ni sharti ambalo lipo ndani ya sheria za soko lenyewe.

Na usidhani sharti hilo ni la kukusumbua tu. Mwaka 2004 huko Kenya watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Nchi iliyozika watu wake hivyo haitaacha kuuliza. Lakini angalia kilichotokea Machi 2021. Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda ghafla kwa barua moja, malori yakakwama, na baada ya siku chache za mazungumzo ikaruhusu tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho hakikuwa kigeni, kwa kuwa viwango vya mahindi ni vya pamoja kwa nchi zetu. Kilichokosekana ni imani. Kipimo kilichofanyika upande huu hakiaminiki upande ule, basi mzigo unapimwa upya au unakataliwa. Hili sahihi za marais peke yake haziwezi kulimaliza. Linahitaji maabara zinazokaguliwa kwa utaratibu mmoja, wataalamu waliofundishwa njia moja ya kupima, na mkataba wa kutambuana vyeti unaofuatwa hata pale mvua zinapokuwa nzuri na wakulima wa ndani hawataki mahindi ya jirani yaingie. Hapo ndipo panapouma, kwa sababu mara nyingi swali la afya na swali la kumlinda mkulima wa nyumbani huvaa nguo moja, na afisa aliye mpakani hana njia ya kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili limekurudisha.

Sasa cheti cha uasili. Wewe unajiuliza: kama hakuna ushuru kati yetu, kwa nini nithibitishe maharage ni ya Tanzania? Swali zuri, na jibu lake linafungua mlango wa tatizo zima. Umoja wa forodha una nguzo mbili. Moja ni kutotozana ushuru sisi kwa sisi. Ya pili ni kuwatoza wageni wote ushuru ule ule, bila kujali wameingilia bandari ipi. Nguzo ya pili ikisimama sawasawa, cheti cha uasili kinapungua umuhimu, maana mchele wa nje ukishalipiwa Mombasa umelipiwa sawa na ule wa Dar es Salaam.

Lakini nguzo ya pili yetu ina nyufa. Ushuru wa pamoja unasema mchele kutoka nje ya Jumuiya utozwe asilimia 75. Kenya, kwa miaka mingi, imekuwa ikiomba na kupewa ruhusa ya kutoza asilimia 35, kwa sababu inanunua mchele mwingi wa Pakistan na yenyewe inauza chai huko. Kwa Kenya ni uamuzi wenye mantiki: walaji wa mijini wanahitaji mchele wa bei nafuu. Kwa mkulima wa mpunga wa Mbeya ni tishio, kwa sababu mchele huo ukivuka Namanga bila kuulizwa chochote, atashindana na mzigo ambao haukulipiwa ushuru uliokubaliwa. Basi Tanzania inauliza mchele umetoka wapi. Na ikishaanza kuuliza mchele, inauliza na sukari, na jirani naye anauliza maharage. Kila nchi ina orodha yake ya ruhusa za aina hii, hutangazwa upya kila mwaka katika gazeti rasmi la Jumuiya, na kila ruhusa moja inazaa cheti kimoja zaidi mpakani. Hata lilipoongezwa daraja la nne la ushuru wa pamoja, la asilimia 35, Julai 2022, kwa matumaini kwamba viwanda vya ndani vikilindwa vizuri nchi zitaacha kuomba ruhusa, maombi hayakwisha.

Umeuliza ni nani anatukwamisha. Ningependa nikutajie mtu mmoja, lakini ukweli hauko hivyo. Fikiria kiwanda chenye wafanyakazi 300. Bidhaa ya jirani ikiingia kwa bei nafuu, mwenye kiwanda anajua kesho yake asubuhi kwamba ameumia. Anapiga simu wizarani, na simu yake inapokelewa. Sasa fikiria faida ya kufungua mpaka: inagawanyika kwa maelfu ya akina mama kama wewe na mamilioni ya walaji, kila mmoja anapata kidogo, na inachukua miaka. Hakuna hata mmoja wenu anayempigia waziri. Serikali yoyote, iwe Dodoma, Nairobi au Kampala, inasikia kilio cha anayepoteza leo kabla ya kusikia shukrani ya atakayepata kesho. Huo ndio utaratibu unaozaa marufuku za ghafla, ruhusa za mwaka mmoja mmoja na ada mpya zenye majina mapya. Umoja wowote wa majirani duniani unakutana nao. Tofauti ni kama umejenga vyombo vya kuukabili.

Vyombo hivyo ni viwili: cha kumfidia anayeumia, na cha kumbana anayekiuka. Sisi tuna upungufu katika vyote viwili.

Cha kufidia tuliwahi kukijaribu, na kushindwa kwake ndiko kulikochangia kuua Jumuiya ya kwanza, iliyovunjika 1977. Mwambie mwanao akasome habari hiyo vizuri. Tulikuwa tumeungana kuliko leo. Tulikuwa na shilingi moja hadi 1966, reli moja, posta moja, shirika moja la ndege. Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba shirikisho litapatikana kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Viwanda vilizidi kujikusanya Kenya, kwa sababu mwekezaji huenda palipo na barabara, umeme na viwanda vingine. Mwaka 1964 walikubaliana Kampala kugawana viwanda, makubaliano hayakusimama. Mkataba wa 1967 ukaleta kodi maalumu ya kulinda viwanda vya nchi zilizo nyuma, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ielekeze mikopo zaidi Tanzania na Uganda. Haikutosha. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na kwa kuwa chombo cha juu kilikuwa marais watatu wenyewe, kutoketi kwao kulimaanisha hakuna uamuzi mkubwa unaotoka. Mwaka 1977 shirika la ndege likavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena 1983. Mwaka uliofuata ndipo mali ikagawanywa rasmi. Ile benki, ambayo wengi wamesahau kwamba ilizaliwa na Jumuiya ya kwanza, bado ipo Kampala hadi leo.

Waliofufua Jumuiya kwa mkataba wa Novemba 1999 walikumbuka sehemu ya somo hilo. Ndiyo maana kuanzia 2005 bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru unaopungua kwa miaka mitano zilipoingia Tanzania na Uganda, wakati bidhaa za nchi hizo mbili zikiingia Kenya bure. Lakini muda huo ulipokwisha hapakuwekwa mfuko mkubwa wa kusaidia eneo au kiwanda kinachoumizwa na ushindani. Umoja wa Ulaya hutumia sehemu kubwa ya bajeti yake kwa mikoa iliyo nyuma. Kusini mwa Afrika, umoja wa forodha wa tangu 1910 hugawana mapato ya ushuru kwa kanuni inayowapa wadogo zaidi. Kwetu kila nchi inabaki na ushuru wake, na kwa miaka mingi bajeti ya Jumuiya ilichangwa sawa kwa sawa, nchi kubwa na ndogo, huku baadhi zikichelewa kulipa kiasi cha vikao vya Bunge la Afrika Mashariki kuahirishwa.

Cha kumbana anayekiuka kipo, ila meno yake ni mafupi. Wakuu wa nchi huamua kwa makubaliano ya wote, kwa hiyo asiyetaka kubanwa naye yumo mezani. Ilipitishwa sheria ya 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kikodi, yaani masharti yanayozuia mizigo ingawa si ushuru. Ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, na si pambo: mwaka 2019 iliamua dhidi ya Uganda iliyokuwa ikitoza sigara zilizotengenezwa Kenya kodi kubwa kuliko zilizotengenezwa Uganda. Lakini mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa mwishoni mwa Januari 2022, karibu miaka mitatu ndani ya soko la pamoja, na hata kufunguliwa kwake kulitokana na mazungumzo ya viongozi.

Kwa hiyo mwanao ana hoja, na simlaumu. Anachokiona ni kwamba bila mwamuzi mmoja mwenye nguvu, kila ahadi inategemea hisia za siku hiyo. Nchi moja ingekuwa na mwamuzi huyo, na hazina moja inayoweza kuhamisha fedha kutoka penye neema hadi penye shida. Mkataba wetu wenyewe unataja shirikisho la kisiasa kuwa hatua ya mwisho, na tangu 2017 wakuu wa nchi wamekubaliana kupitia kwanza hatua nyepesi, ya nchi zinazobaki huru lakini zinazokabidhi mambo machache kwa chombo cha pamoja.

Ninachopinga ni lile neno lake "yaishe". Shirikisho halifuti maswali, linayahamishia ndani ya nyumba. Nani anaamuru jeshi? Nani analipa deni la nani? Jimbo lenye watu wengi litakuwa na kura ngapi mbele ya jimbo dogo? Wakati huo huo wanachama wetu sasa ni wanane, baada ya Kongo kuingia 2022 na Somalia 2024, na serikali ya Kongo na ya Rwanda zinalaumiana juu ya vita vya mashariki mwa Kongo, ambako waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025. Kuwaweka majirani hao chini ya rais mmoja kabla hawajaweza kuketi meza moja kwa amani ni kujenga paa kabla ya ukuta. Na wananchi waliwahi kuulizwa. Katika maoni yaliyokusanywa 2006 na 2007, Watanzania wengi walisema hawataki shirikisho liharakishwe. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kupitishwa juu ya vichwa vyao.

Sarafu ya pamoja ni hadithi fupi zaidi. Itifaki ilisainiwa 2013, lengo lilikuwa 2024, sasa ni 2031. Kabla ya kuingia, nchi inatakiwa mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50 ya pato hilo likikokotolewa kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Sababu ya ukali huo ni hii: nchi ikipata ukame, leo sarafu yake hushuka thamani na mazao yake machache huuzika nje kwa urahisi zaidi. Ukiwa na sarafu ya pamoja mlango huo umefungwa, unabaki kupunguza mishahara au kuomba msaada kwa wenzako. Wagiriki, wanaotumia sarafu ya pamoja ya euro, walilijua hilo kwa machungu. Mimi naona kuchelewesha ni busara kuliko kukimbilia.

Kwa baba wa nyumba: wasiwasi wa ardhi anao kwa haki, lakini mkataba haumwendei kinyume. Itifaki ya Soko la Pamoja inasema wazi kwamba kupata na kutumia ardhi kunabaki chini ya sheria za kila nchi. Mkenya hawezi kuja kudai shamba Tanzania kwa kuonyesha kitambulisho cha Afrika Mashariki, na kwa sheria zetu asiye raia hupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Ila hofu yake ina uzito katika siasa, na ndiyo inayozaa hatua kama agizo la Tanzania la Julai 2025 lililokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, jambo ambalo Kenya ililalamikia. Ninaelewa kwa nini agizo lile lilipendwa mitaani. Hata hivyo haki ya kuanzisha biashara kwa mwenzako imo ndani ya itifaki tuliyoisaini, na anayejitoa kwenye ahadi moja hawezi kushangaa jirani akijitoa kwenye nyingine, pengine ile inayolinda maharage yako.

Basi kati ya kubaki tulipo na kuungana kesho, kuna njia gani? Iko ile ya walio tayari kutangulia, ambayo mkataba unairuhusu. Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014 raia wao husafiri kati yao kwa kitambulisho cha taifa tu, na haikuwadhuru. Hatari yake tuliiona 2013, watatu hao walipokutana peke yao mara kwa mara hadi Rais Kikwete akalazimika kulieleza Bunge kwamba Tanzania haitoki kwenye Jumuiya. Kutangulia ni sawa ikiwa mlango unaachwa wazi na wenzako wanaarifiwa. Lakini ningepewa nafasi ya kuchagua jambo moja tu, ningechagua kutambuana vipimo na vyeti vya mazao, kabla ya sarafu, kabla ya katiba ya shirikisho. Halipigiwi ngoma, na ndilo lingekufikisha sokoni.

Sasa mambo yako mwenyewe. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unastahili cheti rahisi cha uasili, kinachojazwa hapo hapo mpakani kwa afisa wa forodha, bila malipo. Huyo aliyekujazia fomu kwa pesa alikuuzia kitu cha bure. Cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Hakiondoi cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa upande wetu hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wala kibali cha kusafirisha mazao. Viwili hivi vitafute kabla hujapakia, ukiwa bado Arusha, na uulize mapema kama msimu huu Kenya inahitaji kipimo cha sumukuvu kwa maharage.

Njia za panya sikushauri. Mzigo ukikamatwa umepotea wote, na akina mama wanaopita huko usiku hupata madhara ambayo wengi hawayasemi. Tena maharage yanayopita porini hayaingii kwenye takwimu, kwa hiyo waziri anapoulizwa ni nani ataumia mpaka ukifungwa, wewe humo.

Mdogo wako asianze kazi bila kibali. Soko la Pamoja lilifungua ajira kwa makundi ya kazi ambayo kila nchi iliyaorodhesha, si kwa kila kazi, na mkataba wa kazi unaozidi siku 90 unahitaji kibali. Mwajiri wake ndiye aanze maombi. Ikiwa kazi yake imo kwenye orodha ya Kenya na bado amekataliwa, aende kwa mwanasheria anayejua sheria za Jumuiya akiwa na barua ya kukataliwa mkononi.

Nawe pia kuna wakati wa kuacha kunisoma mimi na kumwona mtu ana kwa ana. Ukirudishwa tena na karatasi zako zimekamilika, omba sababu kwa maandishi, kisha nenda kwenye dawati la taarifa za biashara hapo hapo kituo cha pamoja cha Namanga, au kwenye chama cha wafanyabiashara wa mpakani, wakuandikie malalamiko ya kikwazo kisicho cha kikodi. Likiwa jambo la sheria mpya au agizo linalokiuka mkataba, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapo hapo mjini kwako, bila kupitia kwanza mahakama za nyumbani. Lakini una miezi miwili tu tangu agizo litolewe au tangu ulipolifahamu, na mahakama hiyo haiongezi muda. Kwa hiyo siku watakapokurudisha, kabla hata hujatafuta gari la kurudi, andika tarehe na jina la ofisi iliyokukatalia.